Siku 28: Kompyuta za Nyumbani za Uingereza na Deni la Ahadi, 1980–1987

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mwingereza aliyetaka kompyuta ya nyumbani alikata kuponi gazetini, akaiambatisha na hundi, akaitia posta, kisha akangoja. Tangazo lilimwahidi kuwa mzigo ungemfikia ndani ya siku 28. Wengi walingoja miezi. Na mashine ilipofika, mara nyingi haikupatana na kaseti, printa au programu alizokuwa amezinunua tayari. Malalamiko ya namna hii yalijaza kurasa za barua katika magazeti ya kompyuta, yakatawala pia mazungumzo ya jioni kwenye vilabu vya watumiaji.

Waliolalamika waliyaona mambo haya kuwa kero mbili tofauti: kuchelewa kwa vifaa, na vifaa kutoelewana. Tukiufuata mkondo wa miaka ile, tunakuta mzizi wake ni mmoja. Makampuni yaliziuza mashine kabla ya kuzimaliza, na kazi ya kuzimaliza ikawaangukia wanunuzi.

1980–1981: Chini ya pauni 100

Kabla ya hapo, kompyuta ilikuwa chombo cha ofisi, maabara, au fundi wa elektroniki mwenye fedha za ziada. Clive Sinclair, mfanyabiashara wa Cambridge aliyejulikana kwa vikokotoo vya mfukoni, aliamua kuvunja kizuizi cha bei. Mwaka 1980 alitoa ZX80 kwa pauni 99.95, au 79.95 kwa mtu aliyekuwa tayari kuchomelea vipande mwenyewe. Machi 1981 ikaja ZX81 kwa pauni 69.95, na vipande vyake kwa 49.95.

Siri ya bei hiyo ilikuwa chipu moja. ZX80 ilikuwa na chipu 21. ZX81 ilikuwa na nne tu. Kazi za chipu nyingi ndogo zilikusanywa ndani ya chipu iliyoitwa ULA, kutoka kampuni ya Ferranti. Ferranti ilitengeneza chipu ambazo njia zake za ndani zilikuwa bado hazijaunganishwa, kisha tabaka la mwisho likachorwa kwa matakwa ya kila mteja. Gharama ilipungua sana. Lakini kosa likigunduliwa ndani ya ULA, fundi hakuweza kubadilisha kipande kimoja ubaoni na kuendelea na kazi. Mchoro ulirudi kiwandani, chipu mpya zikatengenezwa na kujaribiwa, na wiki zikapita. Ucheleweshaji mwingi wa miaka iliyofuata ulianzia hapo.

ZX81 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti moja tu, kwa hiyo wengi walinunua kiongezeo cha kilobaiti 16 kilichochomekwa nyuma ya mashine. Kiongezeo hicho kiliyumba. Mtu akibonyeza kibodi kwa nguvu kidogo, mgusano ulikatika, skrini ikaganda, na programu aliyoiandika kwa saa kadhaa ikapotea. Watumiaji walipeana dawa wenyewe: kukibandika kwa ule utomvu laini unaotumika kubandika picha ukutani. Kiwanda kiliacha pengo, na mnunuzi akaliziba kwa mikono yake.

Pengo jingine lilikuwa la lugha. Karibu kila kompyuta ya nyumbani ilitumia BASIC, lakini kila kampuni ilikuwa na lahaja yake. Magazeti yalichapa programu nzima, mstari kwa mstari, ili msomaji aiandike upya nyumbani. Programu iliyoandikiwa mashine ya kampuni ya Commodore, ikiingizwa kwenye mashine ya Sinclair, ilikwama mistari ya mwanzo. Hata kaseti za ZX81 hazikusomeka kwenye mashine mpya ya kampuni hiyo hiyo iliyofuata mwaka mmoja baadaye.

1981–1982: BBC yataka mashine yake

Wakati huo BBC ilikuwa ikiandaa vipindi vya televisheni vya kuwafundisha wananchi kompyuta, na ilitaka mashine itakayoandamana na vipindi hivyo. Kazi hiyo ilikwenda kwa Acorn, kampuni nyingine ya Cambridge. Acorn ilikuwa imeanzishwa mwaka 1978 na Hermann Hauser na Chris Curry, ambaye kabla ya hapo alikuwa akifanya kazi na Sinclair. Wahandisi wake, wakiongozwa na Sophie Wilson na Steve Furber, walijenga mashine ya mfano kati ya Jumatatu na Ijumaa. Watu wa BBC walipofika kuitazama, waliikuta inafanya kazi.

Kufanya kazi mezani kwa mhandisi ni jambo moja. Kutoka kiwandani kwa maelfu ni jambo jingine. Furber amesimulia kwamba mashine ya mfano ilikubali kufanya kazi pale mtu alipoweka kidole mahali fulani kwenye bodi. Wakaweka vipinga umeme mahali hapo vishike nafasi ya kidole. Sababu hasa hawakuijua, lakini mashine zilizotengenezwa kwa mtindo huo ziliendelea kufanya kazi. Kasoro nyingine hazikuwa rahisi kiasi hicho. Kifaa cha kugawa umeme katika mashine za mwanzo kilipata moto kupita kiasi, na ULA ya picha ilisumbua. Vipindi vilivyopangwa kuonyeshwa vuli ya 1981 vilisogezwa hadi Januari 1982, na hata wakati huo wengi waliokwisha lipa walivitazama bila mashine mbele yao. Bei ya mashine hiyo, BBC Micro, nayo ilipanda mapema: Modeli A ilitoka pauni 235 hadi 299, na Modeli B kutoka 335 hadi 399.

BBC ilikuwa imekisia kwamba zingeuzwa kompyuta 12,000. Zilizouzwa zilizidi milioni moja. Serikali ilichangia nusu ya bei kwa shule, na kwa hiyo watoto wengi wa Uingereza walijifunza kompyuta kwa mashine hii. Makisio madogo kiasi hicho yalifanya foleni ya mwanzo isiepukike.

Hata hivyo, Acorn ilifanya jambo moja la busara ambalo matokeo yake yalionekana baadaye. Mwongozo wake ulimtaka mwandishi wa programu asiguse kumbukumbu ya skrini moja kwa moja, bali aombe mfumo wa uendeshaji umfanyie. Aliyetii aliandika programu zilizofanya kazi hata mashine ilipounganishwa na prosesa ya pili. Lakini njia ya ombi ilikuwa ya polepole, na waandishi wa michezo walitaka kasi, kwa hiyo wakakata njia ya mkato. Mwaka 1982 hakuna aliyeumia kwa hilo.

1982–1983: Vitufe vya kifaa kisichokuwepo

Tarehe 23 Aprili 1982 Sinclair alijibu kwa ZX Spectrum, yenye rangi na sauti, kwa pauni 125 ikiwa na kilobaiti 16 na pauni 175 ikiwa na 48. Siku hiyo hiyo alitangaza Microdrive, kifaa kidogo cha kuhifadhi programu kwenye mkanda mwembamba unaozunguka bila mwisho, kwa takriban pauni 50. Kwa mtu aliyezoea kungoja dakika kadhaa kaseti moja isomwe, habari hiyo ilitosha kumfanya atoe hundi.

Mashine zilichelewa, na siku 28 zikageuka miezi. Zile za mwanzo kabisa zilibeba kasoro ya ULA iliyorekebishwa kwa chipu ya nyongeza iliyogeuzwa juu chini, miguu hewani. Mafundi waliiita mende aliyekufa. Waliofungua mashine zao kwa udadisi walikutana naye uso kwa uso.

Microdrive yenyewe haikuonekana hadi katikati ya 1983. Kibodi ya Spectrum iliishuhudia ahadi hiyo kila siku. Juu yake yalikuwa yamechapwa maneno CAT, FORMAT, MOVE na ERASE, amri za kuendesha kifaa ambacho mwenye mashine hakuweza kukinunua popote. Akizitumia, alijibiwa kwa ujumbe wa kosa. Mwandishi wa programu ya ndani, Steve Vickers wa kampuni ya Nine Tiles, hakuweza kuimalizia sehemu hiyo kwa sababu kifaa chenyewe hakikuwa tayari. Yeye na Richard Altwasser, aliyesanifu vifaa vya Spectrum, waliondoka kuanzisha kampuni yao, na ROM, ile chipu iliyobeba programu hiyo, ikaendelea kuuzwa bila kukamilika. Kulikuwa tayari na Spectrum nyingi mno majumbani hata isiwezekane kuibadilisha. Ndiyo maana Microdrive ilipokuja ililazimu kununua na kifaa cha pili, Interface 1, chenye ROM ya ziada ya kuzipa uhai zile amri nne.

Mwaka 1983 Sinclair alibadilisha bodi ya Spectrum ili kupunguza gharama. Toleo hilo la tatu lilikuwa kompyuta ile ile, kwa jina lile lile. Lakini baadhi ya michezo ya zamani iliacha kuzitambua amri za kibodi. Spectrum ilisoma kila safu ya vitufe kama namba moja, na katika namba hiyo biti tano tu ndizo zilizohusu vitufe. Kwenye bodi ya zamani, safu ambayo haikubonyezwa kwa kawaida ilisomeka 255. Kwenye bodi mpya ilisomeka 191, kwa sababu biti isiyohusiana na vitufe ilibadilika. Mwandishi aliyepima biti tano peke yake hakuathirika. Aliyepima namba nzima, akiamini 255 ingebaki 255 daima, mchezo wake ulikufa. Mzazi aliyenunua kaseti dukani hakuwa na namna ya kulijua hili. Alichoona ni kwamba mchezo ulikubali kwa jirani na kukataa kwake, ilhali mashine mbili hizo zilifanana kama pacha.

Krismasi ya 1983: Electron inakosa msimu

Acorn ilihitaji mashine ya bei nafuu ya kupambana na Spectrum. Agosti 1983 ilizindua Electron kwa pauni 199. Hii ilikuwa BBC Micro iliyobanwa: karibu kila kitu kiliingizwa katika ULA moja kubwa, mojawapo ya chipu changamano zaidi za aina yake wakati huo. Chipu nzuri zilipatikana chache mno. Madukani maombi yalifikia kama mashine 300,000, lakini hadi Krismasi Acorn iliweza kuleta takriban 30,000. Wazazi waliokuwa wamewaahidi watoto Electron waliondoka dukani na kompyuta nyingine.

Hapo hesabu ya zile njia za mkato ikadaiwa. Electron iliielewa BASIC ya BBC, na programu zilizotii mwongozo zilihamia bila taabu kubwa. Lakini ilikuwa ya polepole zaidi, ilikuwa na njia moja tu ya sauti, na haikuwa na ile skrini ya maandishi, Mode 7, ambayo programu nyingi za shuleni ziliitegemea. Michezo iliyogusa vifaa moja kwa moja ilivurugika au ilikataa kabisa. Elite, mchezo wa anga uliotoka 1984, uliandikiwa toleo lake la Electron, na mchezaji akautazama kwa nyeusi na nyeupe. Mtoto aliyenunuliwa Electron ili afanye nyumbani aliyoyafanya darasani aligundua kwamba mengi ya aliyoyafanya darasani hayakuwezekana nyumbani.

Uzalishaji ulikaa sawa mwaka 1984, lakini hamu ya wanunuzi ilikuwa imepoa. Acorn ilikuwa imefungwa na mikataba iliyosaini siku za njaa ya mashine, ikabaki na takriban Electron 250,000 zisizouzika. Februari 1985 kampuni ya Italia, Olivetti, ilichukua asilimia 49.3 ya Acorn kwa pauni milioni 12.

1984: QL, kompyuta iliyotangazwa kabla ya kuzaliwa

Kisa kizito kuliko vyote kilianza London tarehe 12 Januari 1984, siku 12 kabla ya Apple kuzindua Macintosh. Sinclair alitangaza QL: prosesa ya Motorola 68008, kilobaiti 128, Microdrive mbili ndani, na programu nne za ofisi kutoka kampuni ya Psion, kwa pauni 399. Kwenye karatasi, hakuna aliyekuwa akitoa mengi kiasi hicho kwa bei hiyo. Maombi yalipokelewa siku ile ile, na ahadi ikawa ile ile: siku 28.

Siku hiyo mashine haikuwa tayari. Mfumo wake wa uendeshaji, QDOS, ulikuwa bado unaandikwa na Tony Tebby, na BASIC yake na Jan Jones. Mashine za kwanza zilianza kutoka polepole majira ya Aprili, na mamlaka ya kusimamia matangazo ya biashara ikaingilia kati baada ya malalamiko. Waliozipokea waliona kipande kinaning'inia nyuma. Programu ya ndani ilikuwa imenenepa kupita nafasi iliyotengewa: bodi iliandaliwa kilobaiti 32 za ROM, lakini zilihitajika 48. Zile 16 zilizozidi zilitiwa kwenye kitufurushi cha nje, nacho kikaziba tundu lililokusudiwa kwa vifaa vya ziada. Tebby alijiuzulu kupinga uzinduzi huo wa haraka.

Matoleo yaliyofuata yalirekebisha kasoro kidogo kidogo, kwa hiyo QL mbili zilizonunuliwa miezi michache mbalimbali hazikuwa na tabia moja. Watumiaji walizoea kuandika PRINT VER$ na kuangalia herufi mbili zilizotokea, AH, JM au JS, kabla ya kuulizana lolote. Herufi hizo ndizo zilizoeleza ni programu gani itakubali na ni ipi itagoma. QL haikucheza michezo ya Spectrum, na ingawa vikasha vyake vya Microdrive vilifanana na vya Spectrum kwa umbo, maandishi yake yaliandikwa kwa mpangilio mwingine. Printa nyingi za wakati ule zilihitaji kifaa cha kati cha kununuliwa pembeni. Wafanyabiashara, waliokuwa ndio walengwa, wakarudi nyuma.

Waliobaki walijipanga. Mwaka huo huo wa 1984 waliunda chama chao cha kujitegemea, ambacho baadaye kiliitwa Quanta, wakabadilishana programu na maelezo ya matengenezo. Tebby mwenyewe alianzisha kampuni ya QJUMP na kutoa nyongeza zilizoipa QL amri ilizostahili kuwa nazo tangu mwanzo. Baadaye ikaja ROM mpya kabisa, Minerva, iliyotengenezwa nje ya Sinclair. Kijana mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, aliinunua QL akakuta Finland hakuna programu zake za kutosha. Akajiandikia zana mwenyewe. Miaka michache baadaye kijana huyo ndiye aliyeandika mfumo wa uendeshaji wa Linux.

1984–1987: Swali la mnunuzi labadilika

Kufikia hapo watumiaji walikuwa wamechoka kuanza upya kila walipobadilisha mashine. Jibu moja lilitoka Japani. MSX, iliyotangazwa mwaka 1983 na Kazuhiko Nishi wa kampuni ya ASCII pamoja na Microsoft, ilikuwa kiwango kimoja kwa watengenezaji wengi: mchezo mmoja ungekubali kwenye mashine ya Sony, Toshiba au Philips. Ilipokelewa vizuri Japani na Uholanzi, na kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait iliuza MSX zenye herufi za Kiarabu kwa jina la Sakhr. Nchini Uingereza ilifika vuli ya 1984, imechelewa. Nyumba zilikuwa zimejaa kaseti za Spectrum, na mwenye kaseti hizo hakuona faida ya kiwango kisichozisoma.

Sinclair naye alichelewa safari hii kwa sababu nyingine. Spectrum 128 ilikuwa tayari Septemba 1985 na ikauzwa Hispania, lakini Waingereza waliisubiri hadi mwanzo wa 1986, kwa kuwa maghala yalikuwa yamejaa Spectrum za zamani zilizopaswa kuuzwa kwanza. Fedha zilikuwa zimekwisha. Tarehe 7 Aprili 1986 kampuni ya Amstrad ilinunua biashara ya kompyuta ya Sinclair kwa pauni milioni 5, na QL ikasimamishwa.

Mwaka huo huo Amstrad ilitoa PC1512, kuanzia pauni 399 kabla ya kodi, karibu bei ile ile ya QL. Haikuwa na jambo jipya la kiufundi la kujivunia. Sifa yake ilikuwa kwamba iliendesha programu za IBM PC. IBM ilikuwa imetoa PC mwaka 1981 kwa vipande ambavyo kampuni nyingine ziliweza kuvinunua. Kilichokuwa chake pekee ni programu ya ndani, BIOS. Kampuni ya Compaq iliandika BIOS yake upya bila kunakili ya IBM, na mwaka 1983 ikaanza kuuza mashine iliyofanya yale yale. Wanunuzi wakapata kipimo rahisi: je, inaendesha programu ya hesabu ya Lotus 1-2-3? Je, inaendesha mchezo wa kurusha ndege wa Flight Simulator? Aliyenunua PC1512 alipata mashine inayopatana na rundo la programu zilizokwisha kuwepo madukani.

Amstrad yenyewe iliisahau hekima hiyo ilipoigusa Spectrum. Modeli ya +3 ya mwaka 1987 ilikuja na ROM iliyobadilishwa na tundu la nyuma lililopangwa upya. Interface 1 haikukubali tena, na baadhi ya michezo ya zamani ikagoma. Waliokuwa wamengoja Microdrive tangu 1982 walikuta vikasha vyao havina pa kuingia.

Kilichobaki

Ni rahisi kuisimulia miaka hii kama hadithi ya kampuni mbili za Cambridge, Sinclair na Acorn, zilizoshindana zikaanguka. Kuanguka huko hakukuwa kwa upungufu wa akili. Aprili 1985, miezi miwili baada ya Acorn kuuza nusu yake, Wilson na Furber waliwasha chipu yao ya kwanza ya ARM. Uzao wa chipu hiyo ndio ulio ndani ya simu nyingi zinazotumika leo Nairobi, Dar es Salaam na Bukavu. Na ARM ilisambaa kwa kushika kile ambacho kompyuta za nyumbani zilikikosa: wanunuzi wengi wa mchoro mmoja, na programu zinazoweza kutegemea kuwa amri za prosesa ni zile zile.

Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni la siku 28 lililipwa na watu ambao hawakulikopa: mzazi aliyepanga foleni ya Electron, mwalimu aliyenunua programu isiyokubali, mwanachama wa Quanta aliyekaa usiku akirekebisha makosa ya kampuni iliyokwisha chukua fedha zake. Wao ndio waliozimaliza mashine hizi, na wanastahili nafasi katika historia yake pamoja na waliozisanifu. Soko bado linauza simu na vifaa kwa sifa zitakazokuja na toleo lijalo. Uzoefu wao unatupa kanuni mbili za kuzishika dukani: nunua kwa kile ambacho kifaa kinafanya leo mbele ya macho yako, na uliza kwanza kama kitapatana na vile ulivyo navyo. Muuzaji anayeyajibu maswali hayo mawili bila kukwepa ndiye anayestahili fedha yako.